Neno la Kizena Lililomtoa Kalunde Nyumbani Kambu

Aliyemtoa Bi. Kalunde katika nyumba yake ya Kambu si jirani aliyebadilisha kufuli, wala si hakimu aliyetia sahihi hukumu. Ni msimamizi wa kituo chetu cha mahakama. Aliambiwa waziwazi, nami nikiwapo, kwamba mkalimani aliyeletwa hakuielewa vizuri lugha ya shahidi, na akaamuru kazi iendelee. Jina lake sitaliandika hapa. Limo katika malalamiko yangu rasmi, na huko ndiko linakostahili kusomwa.

Nimestaafu hivi karibuni baada ya kuwa mkalimani wa mahakama maisha yangu yote ya kazi, kwanza Kitui, kisha Makueni. Ninyi mnaobaki kazini mliniomba niwaandikie kumbukumbu, mkitarajia, nadhani, visa vya kuchekesha. Vimo. Lakini naviandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuwaficha hilo.

Siku yangu ya kwanza, Kitui, nilisimama kando ya kizimba nikiwa nimevaa koti la kuazima. Mshtakiwa alisema kwa Kikamba kwamba alimpiga mwenzake kwa sababu ya mbuzi. Nikamgeukia hakimu nikasema, "Mheshimiwa, anasema kwamba alimpiga." Wakati wa mapumziko, mkalimani mkuu, Mzee Nzioka, alinivuta nyuma ya jengo.

"Nani anasema?"

"Mshtakiwa, mzee."

"Na wewe ni nani, redio? Ukisema 'anasema', hakimu anasikia watu wawili. Sema 'nilimpiga'. Pale mbele wewe huna jina. Wewe ndiye yeye."

Tangu siku hiyo nimekiri makosa mengi mbele ya mahakama. Nimeiba mbuzi, nimehamisha mipaka ya mashamba, nimepika pombe haramu, na nimewatukana mawifi zangu kwa matusi ambayo mama yangu mzazi hakujua kwamba nayafahamu. Yeyote anayedhani ukalimani ni kazi ya kukaa na kupumzika ajaribu kukiri wizi kwa sauti ya kawaida huku mchungaji wake ameketi katika benchi la umma.

Vifaa vya Mzee Nzioka vilikuwa vichache. Alikuwa na glasi ya maji, kitambaa cha kujifuta uso, na mahali pa kusimama. Mahali hapo alipachagua kama fundi anavyochagua pa kuweka ngazi. Alisimama karibu na shahidi kiasi cha kumwona mdomo, na mbali kiasi cha kutomtisha. Kalamu aliikataa. Alisema mkalimani anayeandika huanza kupenda alichoandika kuliko alichosikia. Nasi wanafunzi wake alitufunza kwa mkazo sentensi moja, akatutaka tuitamke bila aibu: "Mheshimiwa, neno hili silijui."

"Wengi wataona haya kuisema," alituambia. "Watakisia. Na ukikisia, kuna mtu atalala jela kwa makisio yako wewe ukiwa kwako unakula."

Nilimwona akiitumia sentensi hiyo Tseikuru, tulipokwenda na mahakama ya kuhamahama kusikiliza kesi ya ng'ombe. Shahidi mmoja, mfugaji, alikuwa na Kikamba cha huko kaskazini ambacho karani wetu, mzaliwa wa Mbooni, alikicheka kichinichini. Mzee Nzioka hakucheka. Aliinua mkono, akasema neno fulani halijui, akaomba mtu wa hapo aapishwe alieleze. Karani akanong'ona, "Si yote ni Kikamba tu?" Hakimu alimsikia. Akafunga faili, akasema tutasubiri. Tulisubiri ndani ya gari lililokuwa moto kama jiko mpaka akapatikana mwalimu wa shule ya msingi, akaapishwa, akalieleza neno, kesi ikaendelea. Hapakuhitajika sheria mpya, semina wala kamati. Palihitajika hakimu mwenye subira na mkalimani mwenye adabu.

Somo la pili nililipata Kambu, kwenye barabara ya Mombasa, baada ya kuhamishiwa upande wa Makueni. Kambu ni mahali ambapo Wakamba wanaishi pamoja na wafanyabiashara waliotoka Mkoa wa Kati, na watu wanauziana vizuri, wanasali pamoja, na wanaelewana takriban. Hatari yote imo katika hilo takriban. Mama mmoja muuza machungwa aliripoti polisi kwamba "mutumia" alikuwa amemvunjia meza. Kwetu mutumia ni mzee mwanamume, mtu mwenye heshima zake. Askari aliyeandika taarifa lugha yake ilikuwa Kikuyu, na kwa Kikuyu neno hilo hilo ni mke. Akaandika kwamba meza ilivunjwa na mke wa mtu. Siku ya kesi akaletwa kizimbani mwanamke mnyenyekevu ambaye kosa lake lilikuwa kuishi nyumba inayopakana na ya mlalamikaji.

Mlalamikaji alimtazama, akanitazama mimi. "Huyu ni nani?"

Nikamwambia ndiye mshtakiwa wake.

"Mutumia niliyemsema mimi alikuwa na ndevu! Huyu amezinyoa saa ngapi?"

Mahakama nzima iliangua kicheko, na hakimu akamwachilia yule mwanamke kwa kumwomba radhi. Mimi sikucheka sana. Nilijifunza siku hiyo kwamba lugha mbili za mbali hazidanganyi, kwa sababu mtu akisikia asichokijua hunyamaza na kuuliza. Zinazodanganya ni lugha za jirani, zile zinazofanana kiasi kwamba msikilizaji anadhani ameelewa.

Sasa nifike kwa Bachicha.

Jina lake la kwenye kitambulisho lilikuwa refu, lakini Kambu nzima ilimwita Bachicha, kwa kuwa mwenyewe alituambia ndivyo mama yake alivyomwita. Alikuja na kampuni ya kuchimba visima. Kampuni ilipoondoka, yeye alibaki, akafungua karakana ya kutengeneza pampu za maji na jenereta kando ya barabara, akamwoa Kalunde kwa kufuata taratibu zote za Kikamba, mbuzi kwa mbuzi. Hawakujaliwa watoto. Karakana ilikuwa mbele, nyumba nyuma, na Kalunde ndiye aliyewapokea wateja, akawatoza na kuwagombeza waliomwaga mafuta mlangoni. Sokoni alikuwa Mama Bachicha.

Nilianza kufika pale kwa sababu ya pampu ya shemeji yangu, nikaendelea kufika kwa sababu ya maneno. Bachicha alitoka Jenoa, mji wa bandari huko Italia, na kwao nyumbani hawakuzungumza Kiitaliano. Walizungumza lahaja ya mji huo, ambayo ni tawi la lugha iitwayo Kiliguria. Wenyewe huiita Zeneize, nasi tukaiita Kizena. Kiitaliano alikuwa amefundishwa shuleni kwa kuchapwa, kama sisi tulivyochapwa kwa kusema Kikamba. Tulipogundua kwamba mimi na yeye, katika nchi mbili zilizo mbali hivyo, tuliadhibiwa na walimu kwa kosa moja, la kuongea kama mama zetu, tulisimama tukapeana mikono.

Kizena chake kilikuwa na sauti ya "j" laini mahali nisipoitarajia, na maneno yalikatwa mikia kama nguo zilizopunguzwa na fundi. Kilikuwa na neno "mugugno", ambalo ni manung'uniko. Alidai kwamba mabaharia wa kwao wa zamani walikubali ujira mdogo zaidi mradi mkataba uwaruhusu kunung'unika. Kalunde alimwambia, "Wewe ulichukua huo mkataba na hujaurudisha." Mkipenda, yahesabuni maandishi haya chini ya kifungu hicho.

Lakini neno lake kuu lilikuwa "maniman". Ni neno moja linalobeba kile ambacho Kiswahili tunakibeba kwa "isije ikawa", au "lisije likatokea la kutokea". Alifunga kamba mara mbili, maniman. Alizima jenereta na kuchomoa waya pia, maniman. Neno lilitoka karakanani likavuka barabara. Niliwasikia akina mama wakiambiana, "Funika nyanya, maniman," anga ikiwa haina hata wingu. Nilimsikia utingo wa lori akimfokea mwenzake: "Weka jiwe ingine kwa tairi! Maniman!" Hakujua ni neno la wapi. Alidhani ni Kikamba cha Kitui.

Kisha Bachicha akapatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukafa. Kiswahili kikamtoka, Kikamba kikamtoka, hata kuzungumza Kiitaliano hakuweza tena, ingawa alipozungumziwa Kiitaliano polepole alielewa. Alichobaki nacho cha kusema ni Kizena peke yake. Daktari alieleza kwamba hutokea hivyo, kwamba wengine hubaki na lugha waliyoanza nayo. Hapa Kambu, mtu pekee aliyemwelewa alikuwa mkewe, maana miaka yote hiyo alikuwa ameishi na hicho Kizena jikoni.

Siku aliyochukuliwa kwenda hospitali kwa mara ya kwanza, Bachicha alimwita jirani yake, Kyalo, muuza vipuri, akampa funguo za karakana na za nyumba. Kalunde alikuwa anakwenda naye hospitalini, na mahali pangebaki bila mtu. Mzee aliporudi na mkewe, Kyalo hakurudisha funguo. Alikuwa ameshapanga bidhaa zake karakanani. Baadaye akachukua stoo. Hatimaye akaenda mahakamani kudai kwamba mzee alimpa kiwanja chote kama zawadi kwa wema wake, akimkabidhi sehemu baada ya sehemu, kidogo kidogo. Kiwanja kilikuwa kwa jina la Bachicha. Kalunde hakuwa na mahali pengine. Dai hilo likikubaliwa, angelala nje.

Hakimu aliamua jambo la busara. Kwa kuwa mzee hangeweza kusafiri, mahakama ingekwenda kwake kumsikiliza. Kazi ya kutafuta mkalimani ikawa ya msimamizi. Nilimwendea mapema nikamweleza kwamba mzee hasemi Kiitaliano bali Kizena, na kwamba yafaa atafutwe mtu wa Jenoa, hata kwa simu. Aliniambia niandae faili zangu.

Akaletwa Bi. Nyambura kutoka Nairobi. Naomba mlisome jina lake kwa heshima, maana katika kisa hiki hana hatia hata chembe. Alisoma Kiitaliano chuoni na anakijua barabara. Alifika siku moja kabla, akaenda Kambu kumsalimu mzee, akarudi ofisini moja kwa moja. Nilikuwa nimeketi hapo.

"Bwana msimamizi, sitaweza hii kazi. Ile kitu mzee anaongea si Kiitaliano yenye mimi nilisoma. Naskia nusu, hiyo nusu ingine nabahatisha."

"Mzee ametoka Italia ama hajatoka?"

"Ametoka, lakini..."

"Na Italia watu wanaongea nini?"

"Kwani hapa Kenya watu wanaongea Kikenya?"

Nilitaka kumpigia makofi. Msimamizi hakutabasamu. Alisema gari limeshaombwa, tarehe imeshapangwa, na kesi hii imekaa sana katika ripoti yake ya kesi zilizochelewa. "Kiitaliano ni Kiitaliano," alisema. "Hizo zingine ni lafudhi. Kesho utatafsiri."

Asubuhi yake tulimkuta Bachicha ameketishwa mbele ya nyumba. Kalunde alikuwa amemnyoa ndevu na kumvalisha shati jeupe, na mkono uliokufa ameufunika kwa shuka. Kyalo alisimama na wakili wake. Bi. Nyambura aliapishwa, na kabla ya swali la kwanza akaanza, "Mheshimiwa, ningependa kusema kuhusu lugha..." Msimamizi, aliyekuja nasi bila kuitwa, akaingilia kati. "Mheshimiwa, hayo ni mambo ya utawala. Nimeyashughulikia." Hakimu alikuwa mgeni kituoni na alimwamini afisa wake. Akasema tuendelee.

Wakili wa Kyalo akauliza kama ni kweli mzee alimpa Kyalo mahali hapa. Bi. Nyambura aliuliza kwa Kiitaliano, taratibu. Bachicha alielewa. Alimtazama Kyalo, kisha akasema, na ninayaandika kama nilivyoyasikia: "Ghe l'ò dæto in man, maniman."

Nilimpa mkononi mwake, isije ikawa. Yaani alimwachia atunze, lisije likatokea la kutokea. Hayo ndiyo maneno ya shahidi.

Lakini Kiitaliano kina usemi wa jirani, "man mano", ambao maana yake ni kidogo kidogo, hatua kwa hatua. Bi. Nyambura alisita. Niliona akinitazama mimi, kisha akimtazama msimamizi. Msimamizi akamwashiria kwa kidole, kama mtu anayemhimiza ng'ombe apite langoni. Akasema kwa sauti ndogo, "Nilimpa mkononi... nadhani ni kidogo kidogo."

"Nadhani" haikuandikwa. Iliandikwa "kidogo kidogo", maneno yale yale ya dai la Kyalo.

Kalunde aliruka. "Kidogo kidogo? Nani amesema kidogo kidogo? Amesema isije ikawa! Aki Mheshimiwa, uliza soko yote! Uliza hata huyu Kyalo, anajua!"

"Mama, utapata nafasi yako."

"Nafasi yangu ni hii! Ile ingine itakuwa ya kufukuzwa!"

Nikasimama. Nikaomba ruhusa nieleze neno hilo, kwamba Kambu nzima inalijua. Hakimu aliniuliza nimeapishwa kwa lugha zipi. Nikajibu: Kikamba, Kiswahili na Kiingereza. Akaniambia niketi. Nilikuwa nimeketi mara nyingi kazini bila kuona uzito wa kiti. Hakimu alikuwa sahihi kwa mujibu wa sheria, na sina kinyongo naye. Anaweza kuhukumu tu kwa yale yanayofikishwa mbele yake, na kuna mtu alikuwa amesimama mlangoni akichagua yapi yapite.

Jioni hiyo Bi. Nyambura na mimi tulimwomba msimamizi ahakikishe kwamba pingamizi lake linaingizwa katika kumbukumbu za kesi. Alitujibu kwamba fomu ina nafasi ya kuandika lugha, haina nafasi ya kuandika lahaja. Nikamuuliza tofauti ya lugha na lahaja ni nini. Akasema lugha ni ile iliyo kwenye orodha ya malipo. Alicheka alipolisema hilo. Bi. Nyambura alilia ndani ya gari, na sikupata neno la kumfariji, mimi niliyekula mkate wangu wote kwa maneno.

Bachicha alifariki kabla ya hukumu. Hukumu ilipotoka, ilitegemea jibu lile. Kalunde alipewa muda wa kuondoka, na siku muda ulipokwisha nilikwenda Kambu kumsaidia kufunga mizigo. Wakili wake anasema njia ya kuomba kesi ifunguliwe upya ingalipo, ila mahakama itataka kuonyeshwa katika kumbukumbu zake yenyewe kwamba kulikuwa na shaka juu ya tafsiri. Katika kumbukumbu hamna kitu. Msimamizi alihakikisha hamna.

Kyalo alifika tukiwa bado tunatoa vyungu. Alitia kufuli kubwa mlangoni, akalivuta kulijaribu. Kisha akatoa la pili mfukoni.

Muuza machungwa wa jirani, aliyekuwa amesimama amejishika kiuno, alimuuliza, "Kyalo, moja haitoshi? Unaogopa nani, mjane?"

"Hapana, mama," alijibu bila kugeuka, akilifunga. "Hii ya pili ni maniman tu."

Kyalo mwenyewe alipogundua alichokisema alishughulika sana na funguo. Kalunde aliweka chini sufuria aliyoishika. "Umesikia, mwanaa mwaitu?" aliniuliza, akiniita ndugu wa tumbo moja. "Mwambie huyo mkubwa wako. Kyalo amejifunza Kizena."

Nilimwambia. Nilikwenda ofisini nikamsimulia msimamizi neno kwa neno, mashahidi nikiwa nao. Alinijibu kwamba nilikuwa nimebakiza muda mfupi nistaafu na angenishauri niutumie kujiandaa. Nimejiandaa. Nimeandika haya.

Kalunde sasa anaishi Kikima kwa mdogo wake, katika chumba walichokuwa wakihifadhia mahindi. Hakuna tena mtu wa kuzungumza naye Kizena. Namtembelea, na huwa ananiambia jina la kitu kimoja kimoja, kijiko, mlango, mvua, nami nayarudia vibaya, naye ananisahihisha.

Kwa hiyo, kwa ofisi inayosimamia vituo vyote vya mahakama, nasema hivi, na naomba lichukuliwe kuwa dai rasmi, si masimulizi ya mstaafu. Nadai msimamizi huyo atakiwe kueleza kwa maandishi, chini ya jina na sahihi yake, kwa nini mkalimani aliyesema haelewi alilazimishwa kutafsiri, na kwa mamlaka gani alimzuia kulisema hilo mbele ya hakimu. Bi. Nyambura yuko tayari kula kiapo, nami pia; nadai tuitwe, na pingamizi lake liingizwe katika kumbukumbu za kesi mahali lilipopaswa kuwa. Kiwanja kisiguswe, kisiuzwe wala kujengwa, mpaka ombi la Kalunde lisikilizwe, na jibu la marehemu mumewe litafsiriwe na mtu wa Jenoa aliyeapishwa kwa Kizena, lugha hiyo ikitajwa kwa jina lake. Na maelezo ya msimamizi yatakapopatikana, nadai yasitumwe kwangu. Yasomwe kwa sauti katika mahakama ya wazi, Kalunde akiwapo, kwa Kikamba. Na asiruhusiwe mtu yeyote kuinuka mpaka Kalunde aulizwe kama ameelewa, na jibu lake liandikwe kama atakavyolitamka.